Kujisamehe Baada ya Kuuguza na Kuzika

Shikamooni wazee wangu. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Assalaam aleikum. Asanteni kwa kuja, maana najua Jumamosi ya Moshi ina misiba, harusi na vikao, na wengine mmeteremka kutoka Marangu na Machame tangu asubuhi.

Nimeombwa niongee juu ya kujisamehe. Ni jambo pana, kwa hiyo nimechagua kuongea na watu ninaokutana nao zaidi katika kazi yangu ya unasihi: nyinyi mliouguza mzazi, mwenzi au mtoto, mkazika, na mpaka leo mnajihukumu. Hukumu zenyewe zinafanana. Ningempeleka hospitali ya KCMC mapema. Nisingesafiri wiki ile. Nilimfokea juzi yake tu, naye hakujibu. Ile simu ningeipokea.

Hilo la simu niliseme kidogo. Kuna dada alikuwa akifanya kazi Arusha, mama yake anaumwa huku mlimani. Usiku mmoja mama alipiga saa tano, dada amelala hoi, simu iko ndani ya mkoba. Alfajiri akapigiwa na ndugu kwamba mama hayupo. Simu ile, ya vitufe, ameitunza. Haina laini tena, ila anaichaji kila mara, kisha anafungua orodha ya simu zilizomkosa, anasoma jina la mama na saa aliyopiga, anazima. Aliponionyesha, alinishikisha mkononi. "Soma mwenyewe," akasema.

Nilimuuliza jambo moja tu: usiku ule, kabla hujalala, ulikuwa unajua nini? Akafikiri sana. Jioni waliongea. Mama alikuwa amekunywa uji, akasema leo afadhali. Basi. Alilala akiwa na habari hiyo. Mengine yote aliyajua asubuhi, na kwa hayo ya asubuhi ndiyo anamhukumu mtu aliyelala usiku.

Tunafanya hivyo sote, na wataalamu wamelipima. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alichapisha majaribio ambamo watu walisomeshwa habari za vita vya zamani kati ya Waingereza na Wagurkha wa Nepal. Baadhi waliambiwa upande fulani ulishinda, wengine wakaambiwa tofauti, wengine hawakuambiwa kitu. Kisha wakaulizwa: kwa maelezo haya, ni lipi lililokuwa na uwezekano wa kutokea? Aliyeambiwa mwisho wa vita aliuona mwisho huo kuwa ulikuwa na nafasi kubwa zaidi tangu mwanzo, na hakutambua kwamba kuambiwa ndiko kulikombadilisha. Ikiwa vita vya watu tusiowajua vinatupotosha hivyo, sembuse kifo cha mama.

Kwa hiyo kabla hujatafuta msamaha, ikague hukumu. Wengi wenu mnaomba msamaha kwa kutojua. Mliona homa kama homa nyingine, mkanunua dawa duka la karibu kama siku zote. Uchungu wenu ni wa kweli, mmempoteza mtu. Hatia ni jambo jingine, na hamkuwa nayo.

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa sababu sitaki kuwadanganya. Wapo waliokosa kweli. Yupo aliyetumia fedha za matibabu kwa mambo yake. Yupo aliyegombana na kaka juu ya kihamba, shamba la ukoo, akasusa, na mgonjwa akafa akiwauliza wote wawili wako wapi. Yupo aliyempiga mgonjwa, na hili linatokea zaidi ya tunavyokubali kulitaja, maana kuuguza mtu aliyepotewa na kumbukumbu, peke yako, usiku na mchana, kunaweza kumfikisha mtu mwema pabaya. Ukimwambia mtu huyo "usijali, ni mpango wa Mungu," umemfungia mlango. Anajua alichofanya. Anajua pia kwamba hukumsikia.

Wazee wetu wa Uchagani walilijua hili vizuri. Aliyekosa alichukua isale, jani lile lile tunalolipanda mipakani mwa kihamba na kwenye makaburi, akampelekea aliyemkosea. Mara nyingi alisindikizwa na mtu mzima anayeheshimiwa. Na aliyeletewa isale alibanwa, kwa sababu kulikataa lilikuwa jambo zito lenye kuogopwa. Ninachokipenda pale ni kwamba hatia ilikuwa na siku yake ya kwisha. Kosa lilitajwa, likapokelewa mbele ya watu, na kuanzia siku ile aliyekosa aliruhusiwa kuishi tena na wenzake.

Dini zetu nazo zina njia ya namna hiyo. Waislamu mliopo hapa mnajua masharti ya toba: kuacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na kama ni haki ya mja, yaani ya mtu mwingine, kuirudisha. Wakristo tunamkumbuka Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili, aliyeahidi kumrudishia aliyemdhulumu mara nne. Mara nne ni nyingi, ila inahesabika. Hakuambiwa alipe milele.

Ndugu zangu, sisi tumebaki na hatia isiyo na idadi. Ni kama mwanakikoba, mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, aliyekwisha rudisha mkopo wote, halafu kila wiki anakuja kulipa faini ambayo hakuna aliyemtoza. Faini hiyo haimfikii marehemu. Haiwafikii watoto wa marehemu. Wanaoilipa hasa ni watu wa nyumbani kwako, wanaoishi na mtu asiyecheka.

Najua mnachoogopa. Nikijisamehe nitakuwa nimemdharau marehemu, au nitarudia kosa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi 119 wa mwaka wa kwanza. Wapo walioahirisha kusoma mpaka mtihani ukawakuta. Kati ya hao, waliojisamehe zaidi ndio waliopunguza kuahirisha kwa mtihani uliofuata. Kosa la kuahirisha kusoma ni dogo, silifananishi na msiba. Lakini nimeona jambo hilo hilo kwa wanaouguza: anayejichukia humkimbia mgonjwa wa pili, kwa sababu kila akimtazama anamwona yule wa kwanza.

Kuna jambo katika Injili ya Mathayo ambalo nadhani tunalipita haraka mno. Usiku ule ule walikosa wawili, Petro aliyemkana Yesu na Yuda aliyemsaliti. Tunasema Petro alitubu na Yuda hakutubu. Someni tena. Yuda alijuta, akavirudisha vile vipande thelathini vya fedha, akakiri kwa mdomo wake kwamba amekosa. Aliwakiria makuhani, nao wakamjibu kwamba hayo yanawahusu nini, ni shauri lake mwenyewe. Akatoka, akaenda kujinyonga. Petro alilia kwa uchungu, lakini tunamkuta tena akiwa katikati ya wenzake. Kwangu mimi tofauti kubwa iko hapo. Mmoja alipata wa kumpokea.

Ndiyo maana siamini mtu anajisamehe peke yake chumbani. Tafuta mtu mmoja anayeweza kulisikia kosa lako lilivyo, asilipunguze na asilikuze: padri, mchungaji, shehe, shangazi, mnasihi. Litaje kwa jina lake. Mkubaliane cha kurudisha na lini utakuwa umemaliza. Na nyinyi mnaofuatwa na watu, nawasihi, msijibu kama wale makuhani.

Jambo moja la kitabibu, nalitaja kwa ufupi ila ni zito. Hatia iliyopitiliza ni mojawapo ya dalili za sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Kama kwa wiki mbili au zaidi hulali, huli, hupendi chochote, na unajiona hufai, nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC ukaonane na daktari. Kama unafikiria kufa, usisubiri wiki mbili, nenda leo, na mwambie mtu akusindikize.

Naona mama kule nyuma amenyoosha mkono. Karibu mama... Anauliza, na niliyemkosea akiwa ndiye aliyekufa, isale nampelekea nani?

Asante mama. Deni lako lina warithi. Kama ulikula fedha zake, wapo watoto wake, lipa ada ya mmoja kwa muda mtakaokubaliana na mzee wa ukoo, na uwaambie kwa nini unalipa. Kama ulimfokea, hakuna fedha ya kurudisha. Nenda kaburini na mtu mmoja unayemwamini, useme kwa sauti ulichomfanyia. Nimewasindikiza watu kufanya hivyo. Wengine hawakupata nafuu siku ile ile, ilichukua miezi. Kisha mtafute jirani anayeuguza, ukae na mgonjwa wake Jumapili mchana ili yeye alale.

Waliobaki na maswali wasiyotaka kuyauliza mbele za watu, nipo hapa ukumbini mpaka saa kumi na mbili.