Maridhiano ya Zanzibar: kilichoshika na kilichovuja

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kuja.

Mada ni uongozi na mazungumzo katika jamii iliyogawika. Tusiende mbali kutafuta mfano. Ndani ya miaka 11, CCM, chama tawala, na CUF, chama cha upinzani, walipatana Zanzibar mara tatu: 1999, 2001 na 2009. Mara mbili za mwanzo waliishia kugombana upya. Mara ya tatu walipata kitu kilichofika kwenye Katiba: Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kwa nini hiki kilishika, na kwa nini nacho baadaye kilivuja?

Tuanze na hesabu. Katika uchaguzi wa Rais wa Zanzibar mwaka 1995, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa kura 165,271, Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF akiwa na 163,706. Tofauti ni kura 1,565. Kwa kura hizo mmoja alichukua serikali nzima, na mwenzake hakupata hata wizara moja. Isitoshe, CUF walikuwa wamezoa majimbo yote 21 ya Pemba, kwa hiyo aliyebaki nje ya serikali hakuwa mgombea peke yake, kilikuwa kisiwa kizima. Ndipo watu wakaanza kususiana: harusini, dukani, mpaka makaburini. Jirani anafiwa, na wenzake hawaendi kuzika kwa sababu ya bendera ya chama. Anayeijua Pemba anajua hilo lina uzito gani.

Muafaka wa Juni 1999 ulisimamiwa na Jumuiya ya Madola. Kasoro yake ilikuwa moja, lakini kubwa: ilikuwa karatasi ya vyama viwili, wakati kazi iliyoandikwa humo, kama kuiunda upya Tume ya Uchaguzi, ilikuwa ya serikali. Hapakuwa na sheria ya kumbana yeyote. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ukafika mambo yakiwa vilevile, majimbo 16 yakarudiwa, na Januari 2001 maandamano yakazimwa kwa risasi. Watu walikufa. Wengine wapatao 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya.

Muafaka wa pili, Oktoba 2001, ulikuwa hatua mbele. Vyama vilikaa vyenyewe bila msuluhishi wa nje, Katiba ikarekebishwa mwaka 2002, upinzani ukapata wajumbe wawili ndani ya Tume, na likaanzishwa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Lakini angalieni ulichogusa: namna ya kuhesabu kura. Swali la nani atawala baada ya kuhesabu halikuguswa. Mwaka 2005 tukarudi palepale.

Sasa 2009. Tarehe 5 Novemba, Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif walikutana Ikulu, Zanzibar, wao wenyewe, bila wajumbe wa vyama kujadili vifungu. Siku mbili baadaye Maalim alipanda jukwaani Kibandamaiti kuwaambia wafuasi wake kwamba CUF sasa inamtambua Karume kuwa Rais. Wakamzomea. Watu waliokuwa naye tangu 1992 walimzomea, naye hakurudi nyuma. Kwangu hapo ndipo penye kiini cha uongozi katika jambo hili. Kumshawishi hasimu ni kazi ya faragha. Kuwashawishi watu wako ni kazi ya hadharani, na ndiyo inayogharimu.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa mpangilio. Kamati ya watu sita, watatu kila upande, chini ya Mzee Hassan Nassor Moyo. Januari 2010 hoja ikapelekwa Baraza la Wawakilishi, ikatungwa sheria ya kura ya maoni, na tarehe 31 Julai wananchi wakaulizwa kama wanaitaka Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Asilimia 66.4 wakakubali. Agosti Katiba ikabadilishwa, Oktoba ukaja uchaguzi mkuu.

Naomba mzingatie mfuatano huo. Mgawanyo wa madaraka ulikubaliwa kabla ya uchaguzi, wakati hakuna aliyejua nani atakuwa wa kwanza na nani wa pili. Kila chama kililazimika kuandika kifungu cha mshindwa kikijua huenda kikakihusu chenyewe. Mkikubaliana baada ya matokeo, mshindi anatoa sadaka. Mkikubaliana kabla, kila mmoja anajikatia bima. Matokeo yalipotoka, Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1 na Maalim 49.1. Kwa tofauti ndogo namna hiyo, miaka ya nyuma tungezika watu. Safari hii Maalim alikubali matokeo, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, na wizara zikagawanywa kwa kufuata viti vya Baraza: CCM 28, CUF 22.

Palipovuja ni hapa. Kifungu kinataka chama cha pili kipate angalau asilimia 10 ya kura za urais, la sivyo Makamu wa Kwanza atoke chama cha pili kwa viti vya Baraza. Tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume akafuta uchaguzi. CUF wakasusia marudio ya Machi 2016, Dk. Shein akapata asilimia 91.4, hakuna mpinzani aliyefika 10, na Baraza likawa halina chama cha pili chenye viti. Kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa wazi hadi Desemba 2020, Maalim alipoapishwa tena, safari hiyo kupitia ACT-Wazalendo, chama alichohamia. Nyumba ilijengwa juu ya Tume, na Tume ndiyo iliyobaki bila kufanyiwa matengenezo ya kutosha.

La pili halisemwi sana. Umoja uliishia kwa mawaziri, kwenye shehia, ngazi ya chini kabisa ya utawala, haukufika. Sheha, kiongozi wa shehia, anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, ambaye anateuliwa na Rais. Ili kijana aliyetimiza miaka 18 aingie kwenye Daftari anahitaji kitambulisho cha Mzanzibari, na njia ya kukipata inapitia kwa sheha, ambaye ndiye anayethibitisha kwamba ni mkaazi. Makamu wa Kwanza anaweza kuwa ofisini Migombani asubuhi hiyo hiyo, na kijana wa chama chake akawa amesimama mlangoni kwa sheha, akiambiwa arudi kesho.