Wati 250 kwa Masharti Gani? Namba za Kwenye Maboksi ya Vipoza vya Kompyuta

Habari za jioni, ndugu zangu mafundi na wanafunzi.

Boksi la kipoza cha prosesa limeandikwa kwa herufi kubwa: wati 250. Mnunuzi anaelewa kwamba prosesa ikila wati 250, kipoza kitaimudu. Itatulia kwenye nyuzi ngapi? Chumba kina joto gani? Feni inazunguka kwa kasi gani? Boksi kimya. Hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote. Kila mmoja huchagua masharti yake, kisha huandika namba.

Upande wa prosesa nako kuna mtego. Ryzen 9 5950X, prosesa ya kampuni ya AMD, inauzwa kama ya wati 105, lakini kwa mipangilio ya kiwandani inaruhusiwa kuvuta hadi 142. Intel, kuanzia kizazi cha 12 mwaka 2021, walianza kutaja namba mbili: Core i9-12900K ni wati 125 kwa kasi ya msingi na 241 ikikazana. Hapo walifanya jambo la haki, na ile ya pili ndiyo inayomhusu anayetafuta kipoza.

Nisikilizeni sana kwenye hili la joto la chumba. Kipoza cha feni hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayokipitia. Cha maji vilevile, maana maji hayo yanapozwa na hewa ileile inayopita kwenye rejeta. Kipimo kikifanyika kwenye chumba cha nyuzi 22 na prosesa ikafika 70, basi hapa Dar es Salaam mwezi wa pili, chumba kikiwa na nyuzi 32, tarajia kama 80. Tangazo linalotaja 70 bila kutaja 22 limemficha mteja nusu ya habari, na mimi naliita udanganyifu hata kama kila tarakimu ni sahihi.

Sasa pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoza, ambayo ndiyo inawatoa watu pesa nyingi bure. Moja inasema upitishaji wake wa joto ni 4 (wati kwa mita kwa kila nyuzi), nyingine 12. Mara tatu! Tupige hesabu. Tabaka la pesti lina unene wa maikromita 50, eneo sentimita 10 za mraba, joto wati 100 lililosambaa sawasawa. Pesti ya 4 inaongeza nyuzi 1.25. Ya 12 inaongeza nyuzi 0.4 na kidogo. Tofauti haifiki nyuzi moja. Unene wa tabaka na mkazo wa skrubu vina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani, na havionekani kwenye bomba la pesti.

Feni nitazipitia haraka. Mtiririko wa juu kabisa wa hewa hupimwa feni ikiwa haina kizuizi chochote. Mgandamizo wa juu kabisa hupimwa hewa ikiwa imezibwa isipite. Havipatikani kwa pamoja, ila boksi huviweka kama pacha. Na desibeli bila umbali wa maikrofoni hazina maana: ukisogea nusu ya umbali, sauti hupanda kama desibeli 6.

Mezani kuna kompyuta mbili zenye prosesa ya aina moja, kipoza cha aina moja, pesti tofauti. Kipimajoto cha chumba kiko pale ukutani, nacho mtakisoma kwanza. Fundi, tafadhali ziwashe zote, tuzipe kazi nzito kwa nusu saa.