Shangazi Kahamia Sebuleni

SUDI: Tunarekodi? Ee tunarekodi. Haya karibuni tena, leo tuna mambo matano ya kuangalia kabla hujanunua ampi ya tyubu, yaani kikuza sauti cha gitaa kinachotumia vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, nimeyaandika kabisa, na...

REHEMA: Sudi, anza na Jumanne.

SUDI: Nitafika Jumanne.

REHEMA: Anza na Jumanne bwana, watu wamekuvumilia na hiyo ampi mwaka mzima.

SUDI: Haya. Si mnajua kuna fundi niliagiza kwake, anatengeneza mwenyewe kwa mkono, moja moja, unakaa foleni, mi nimekaa miezi saba...

REHEMA: Minane. Tulikaa wote.

SUDI: Minane. Jumanne ikafika. Nafungua boksi, nachomeka gitaa, nawasha, napiga E. Kimya. Napiga tena. Kimya kabisa! Nikachukua simu hapo hapo naanza kumwandikia fundi, "kaka, kwa heshima zote", nimefika kwenye "nimesikitishwa sana", kumbe gitaa bado liko mapajani, kiwiko kikagusa nyuzi, na volyumu nilishaipandisha hadi 7 kwa hasira. Aisee. Lile jambo liliongea. Jirani wa juu akagonga sakafu kabla sijajua nini kimetokea.

REHEMA: Tyubu zilikuwa hazijapata moto.

SUDI: Sekunde 20 tu! Na mi najua, nimewafundisha watu hapa hapa kwamba ile katodi, kile kipande cha kati ndani ya tyubu, lazima ipate moto kwanza ndo umeme upite, lakini siku yako mwenyewe akili inakimbia.

REHEMA: Kwa hiyo kaja mgeni nyumbani, umemsemesha, hajajibu, ukaanza kumsema kwa watu, na yeye alikuwa anavuta pumzi tu.

SUDI: Kama shangazi.

REHEMA: Shangazi kabisa! Katoka safari, mwacheni akae kwanza.

SUDI: Na nimeshampa hilo jina, nilitaka nikwambie leo. Si unamjua Ken Fischer, marehemu, yule aliyekuwa anatengeneza ampi za Trainwreck kule Marekani? Ampi zake alikuwa anazipa majina ya wanawake. Sasa yangu ni Shangazi.

REHEMA: Haya, shangazi hajambo?

SUDI: Hajambo, mzito tu. Sikiliza, mchoro wenyewe ni wa zamani, ampi ya Fender Deluxe ya miaka ya 50, ule mchoro wanaouita 5E3. Vinobu vitatu, volyumu mbili na toni moja, basi. Tyubu za nguvu, zile zinazosukuma spika, ni aina ya 6V6, mbili, kama wati 12 hivi. Usiku nikazima taa nikakaa nyuma yake, zile nyaya za ndani ya tyubu zinawaka rangi ya machungwa, halafu kwenye kioo kuna kaukungu ka bluu, harufu kama pasi iliyokaa kabatini muda mrefu ukaiwasha.

REHEMA: Na wati 12 ndo zimemwamsha jirani.

SUDI: Mi nilidhani ni ndogo!

REHEMA: Watu wengi wanadhani hivyo. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, kile kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa hiyo kati ya wati 12 na 100 kuna desibeli kama 9, sikio linaona haijafika hata mara mbili. Shangazi hahitaji kupiga kelele, akisema jambo nyumba nzima imesikia.

SUDI: Na ana wivu. Ile 5E3, ukizungusha volyumu ya chaneli ambayo hujachomeka kitu, sauti ya chaneli unayopiga inabadilika.

REHEMA: Yaani hata usiyemsemesha anachangia.

SUDI: Anachangia! Na kuanzia 4 hivi haongezi sauti, anaongeza ukali. Ukipiga taratibu anaitika safi, ukikaza mkono anakoroma, halafu noti inazama kidogo inarudi, kama anakaa kwenye kochi la springi. Rehema, hii ndo kazi ya mkono. Kila waya kauvuta mwenyewe, kalehemu mwenyewe. Ile ampi yangu ya zamani, ya bodi ya saketi iliyochapwa kiwandani, haijawahi kunifanyia hivi.

REHEMA: Ngoja, hapo tuachane. Ile ya zamani ilikuwa mchoro mwingine, tyubu zingine, spika nyingine. Kule kuzama kunatoka kwenye tyubu ya rektifaya, 5Y3, ile inayogeuza umeme wa ukutani uende upande mmoja, ukiikaza umeme unashuka. Iweke kwenye bodi ya kiwandani, thamani zile zile, transfoma ile ile, spika ile ile, itazama vile vile. Umeme haujui nani kalehemu.

SUDI: Vidole vinajua.

REHEMA: Vidole havijaona ndani ya boksi, macho ndo yameona. Kwenye kutengeneza nakubali, ya mkono fundi yeyote anaifungua anabadilisha kipande bila kuharibu bodi. Sauti, hapana.

SUDI: Sasa Marshall? Mwaka 1962, duka la Jim Marshall London, wanachukua mchoro wa ampi ya Fender Bassman wanaunda yao, karibu ile ile, mbona ilitoka na sauti yake kabisa?

REHEMA: Walibadilisha tyubu! Na spika, na kabati likafungwa nyuma! We unanisaidia mimi. Na Dumble je, yule fundi mwingine wa ampi wa Marekani, alikuwa anamwagia gundi ngumu juu ya saketi watu wasinakili. Kama siri iko mkononi, gundi ya nini?

SUDI: Na waliobandua gundi wakanakili, mbona mpaka leo wanabishana kama wamefika?

REHEMA: Kwa sababu hawapigi wakiwa wamefumba macho. Njoo Jumamosi, nakufunga kitambaa, ampi mbili, volyumu sawa kwa kipimo, uniambie ipi ni shangazi.

SUDI: Siji.

REHEMA: Kwa nini?

SUDI: Kwa sababu nisipojua ninayempigia sitapiga vile vile. Nikijua ni yeye napiga polepole, namsikiliza.

REHEMA: Sudi! Hicho ndo ninachokisema dakika kumi sasa!

SUDI: Hapana, ndo ninachokisema mimi.

REHEMA: ...

SUDI: Mi nasikia ninachosikia.

REHEMA: Na mi nimesema nilichosema. Haya. Kitambaa kipo lakini.

SUDI: Kibaki huko huko. Tuna dakika ngapi?

REHEMA: Tatu.

SUDI: Na mambo matano hatujagusa hata moja! Chagua.

REHEMA: La hatari tu. Usiiwashe bila spika kuchomekwa, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

SUDI: Shangazi lazima awe na wa kuongea naye.

REHEMA: Na usifungue nyuma eti kwa sababu umechomoa waya ukutani, kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme, zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300, zinaua, mwachie fundi mwenye ujuzi.

SUDI: Kalala lakini hajasahau.

REHEMA: Ee hapo umesema kweli. Hayo mengine matatu wiki ijayo.

SUDI: Wiki ijayo tuna pedali.

REHEMA: Basi yamekufa. Na yule fundi, ule ujumbe ulimtumia?

SUDI: Nilifuta.

REHEMA: Wote?

SUDI: "Kaka, kwa heshima zote" ilishaenda. Kanijibu "naam kaka, kuna tatizo?" tangu Jumanne. Sijui nimwambie nini, ngoja nizime hii.