Kusoma Sheria ya Jimbo la Minnesota, Kisha Kuufuata Muswada Ulioizaa

Karibuni. Tunaanza na kifungu kimoja cha jimbo la Minnesota, Marekani: 169.475, kinachomkataza dereva kushika simu akiwa anaendesha. Fungua revisor.mn.gov, andika namba hiyo, tafuta.

Itazame namba kabla ya maneno. 169 ni sura, nayo inahusu kanuni za barabarani. Tarakimu baada ya nukta ndizo kifungu, na hupangwa kama desimali: 169.475 iko kabla ya 169.48. Ukiitafuta mbele zaidi hutaipata.

Shuka chini. Kifungu kidogo cha kwanza kinafafanua maneno, cha pili kinakataza, cha tatu kinataja kinachoruhusiwa, kama kupiga simu ya dharura. Wengi huishia kwenye katazo, na hapo ndipo watu hupotoshana. Soma vyote vitatu.

Mwisho kabisa kuna mstari wa historia, na ndani yake utaona 2019 c 11. Maana yake ni sura ya 11 ya sheria zilizopitishwa mwaka 2019. Usiichanganye na sura ya 169. Ile 11 ni namba ya foleni tu, kwa mpangilio wa kupitishwa. Hii 169 ni mahali pa kudumu ambapo maneno yamehifadhiwa.

Sasa muswada wenyewe. Namba yake ikianza na HF (House File), umeanzia Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 134; ikianza na SF (Senate File), umeanzia Seneti yenye 67. Ukiufungua, maneno yaliyopigiwa mstari chini ni mapya, yaliyokatwa yanaondolewa, na yaliyo wazi tayari ni sheria. Tafadhali shikeni hilo, maana mtu huona maneno wazi akadhani ni jambo jipya linaletwa. Kamati zikiufanyia marekebisho linatoka toleo jingine. Soma la mwisho.

Kwenye kura, hesabu ni ya wajumbe wote waliochaguliwa, si waliohudhuria. Lazima zipatikane 68 kwa Wawakilishi na 34 kwa Seneti. Kwa Wawakilishi, kura 66 kwa 60 ni kushindwa. Maandishi ya pande mbili yakitofautiana na hakuna upande unaokubali ya mwenzake, kamati ya upatanishi hutafuta maneno yaleyale kwa wote wawili.

Gavana ana siku 3, Jumapili haihesabiwi. Akinyamaza, muswada unakuwa sheria. Lakini ukipitishwa katika siku 3 za mwisho kabla Bunge halijafunga kabisa kikao cha mwisho cha muhula wake wa miaka miwili, anapewa siku 14 tangu kufungwa, na hapo kunyamaza kwake kunauua. Akiukataa, kura 90 na 45 humpiku.

Hatua ya mwisho: tafuta tarehe ya kuanza kutumika, chini ya kila kifungu cha muswada. Isipotajwa, ni tarehe 1 Agosti. Kwa vifungu vya matumizi ya fedha, 1 Julai. Katazo letu la simu lilianza 1 Agosti 2019.