Fishi, Benchi na Swali la Kwanza la Utafiti
(Mhadhara uliotolewa Bukavu mbele ya wanafunzi wa uganga na uuguzi)

Wakufunzi, wauguzi wenzangu, nanyi wanafunzi mlioacha masomo ya alasiri mkaja kunisikiliza, asanteni.

Niruhusuni nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mganga kijana katika kituo kimoja cha afya cha mji huu, alikuja mtu wa rika langu. Alilipia fishi, yaani karatasi ya mgonjwa, dirishani kama kila mgonjwa, na mpokeaji akamuuliza anaumwa nini, kwa sauti yake ya kila siku, yaani sauti inayofika hadi mwisho wa benchi. Akajibu kwamba ni malaria. Fishi ikanifikia mezani imeandikwa malaria. Nikampima, sikuiona, nikampa dawa ya minyoo, akaenda zake. Miezi kadhaa baadaye alinisimamisha njiani akaniambia kwamba siku ile alikuwa na maumivu na usaha kwenye njia ya haja kubwa, na kwamba alikuwa amejiandaa kunieleza, ila alipoona chumba changu kina pazia badala ya mlango, akanyamaza. Nilimuuliza nini kingemfungua mdomo. Hakutaja dawa wala mashine. Alitaja mlango.

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kupanga vipaumbele vya utafiti wa afya kwa wachache wa kijinsia: wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, wanaopenda wote, wale ambao jinsia wanayojitambua nayo siyo ile waliyoandikiwa walipozaliwa, na huntha, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja. Nakiri kwamba hata majina yana taabu. Neno shoga, ambalo kule pwani mwanamke humwita mwenziwe wa moyoni, limegeuzwa kuwa tusi, na mtafiti anayelitumia katika dodoso amekwisha kufunga mazungumzo kabla hajaketi. Mimi huwauliza wenyewe wanaitanaje, kisha naandika hivyo.

Wenzetu wa Marekani wana njia waliyoipitia, nayo inafaa kutazamwa bila kuinakili. Mwaka 2011 Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo ilitoa ripoti kubwa kuhusu afya ya watu hawa, ikaonyesha mapengo ya elimu na kupendekeza ajenda ya utafiti. Mwaka 2015 taasisi za kitaifa za afya zikaunda ofisi ya kuratibu utafiti huo, na mwaka 2016 kundi hili likatambuliwa rasmi kuwa miongoni mwa makundi yanayobeba tofauti za afya zisizo za haki. Halafu mwaka 2025, serikali ilipobadilika, ruzuku nyingi za utafiti wa namna hiyo zikakatwa. Mwaka huo huo misaada ya Marekani iliyokuwa ikigharimia sehemu kubwa ya huduma za ukimwi katika nchi zetu nayo ikatikiswa. Ndiyo maana siamini ajenda ambayo wino wake wote unatoka kwenye kalamu ya mgeni.

Kwetu ajenda hiyo imeandikwa zaidi na ugonjwa mmoja. Karibu kila fedha iliyofika kwa ajili ya watu hawa imepitia mlango wa ukimwi, na sisemi haya kwa kuudharau ukimwi. Lakini mlango huo una kimo chake: humwingiza mwanaume anayelala na wanaume, tena kiunoni kwenda chini, na kuwaacha nje wengi. Mwanamke anayependa wanawake huambiwa hana haja ya kuchunguzwa mlango wa kizazi, ilhali virusi vya papiloma, vinavyoleta saratani ya mlango huo, hupita kati ya wanawake pia. Kisonono na klamidia hukaa kooni na kwenye njia ya haja kubwa, mara nyingi bila dalili yoyote, nasi tunapima mkojo na kuandika kwamba mgonjwa ni mzima. Ama kuhusu huzuni, usingizi uliokatika na pombe, mtafiti Ilan Meyer alieleza mwaka 2003 jinsi mzigo wa kujificha na kutarajia dharau kila siku unavyogeuka ugonjwa ndani ya mtu. Sijaona swali hilo likipewa nafasi katika mipango yetu zaidi ya mstari mmoja wa adabu.

Mnahitaji mfano wa karibu? Tazameni mpox, ugonjwa wa virusi unaotoa vidonda mwilini. Tangu binadamu wa kwanza atambuliwe nayo mwaka 1970 katika mkoa wetu wa Équateur, tulifundishwa kumtafuta mnyama: umekula nyama gani, umegusa panya wa aina gani. Mwaka 2023, huko Kenge katika mkoa wa Kwango, ikathibitishwa kwa mara ya kwanza kwamba aina ya virusi hivyo iitwayo clade I imepita kwa njia ya ngono, na waliohusika walikuwamo wanaume wenye uhusiano na wanaume. Mwaka huo huo ugonjwa ukajitokeza Kamituga, hapa hapa Kivu Kusini, kati ya wachimba dhahabu na wanawake wanaofanya biashara ya ngono, na ilipofika tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Mganga anayeona vidonda sehemu za siri na kuuliza habari za panya tu atapata jibu sahihi la swali lisilo lake.

Na swali linaweza kuulizwa hata hapa kwetu. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi wa watu wazima 998 wa mashariki ya Kongo, ambapo wanawake asilimia 39.7 na wanaume asilimia 23.6 walieleza kwamba wametendewa ukatili wa kingono. Wengi walishtuka kuhusu wanaume. Idadi ile ilionekana kwa sababu wanaume waliulizwa. Msichanganye mambo, tafadhali: mwanaume aliyebakwa vitani hawi mmoja wa wachache wa kijinsia kwa sababu hiyo. Ila huogopa kudhaniwa hivyo, naye hukaa kimya kwenye benchi lile lile. Chuki iliyolengwa kwa wachache inamnyima tiba hata asiye wao, na kwangu hili ni swali la utafiti la daraja la kwanza.

Vipi basi tupange? Iko njia iliyobuniwa kwa ajili ya utafiti wa afya ya watoto, inayoitwa CHNRI, ambayo hukusanya maswali kutoka kwa watu wengi, kisha kila swali likapewa alama: je, linajibika kwa maadili, tiba itakayotoka itafanya kazi, itafikishika, itapunguza mzigo wa maradhi, itawafikia wanyonge? Naipenda kwa sababu alama hutolewa na kila mmoja peke yake, hivyo profesa hamzimi muuguzi kwa kikohozi chake. Upungufu wake ni kwamba kwa kawaida wanaoalikwa ni wataalamu. Waingereza, kwa ushirikiano uitwao James Lind Alliance ulioanza 2004, wamewaketisha wagonjwa na waganga meza moja. Mimi ningechanganya njia hizo mbili, na ningeongeza kigezo ambacho sijakiona katika orodha ya asili: nani ataumia karatasi hizi zikiibwa.

Kigezo hicho si cha kubuni. Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, maghala ya chakula yaliporwa mchana watu wakiona. Orodha ya majina kwenye kabati ingesalimika vipi? Kuna mbinu ya kuponi, ambapo mshiriki mmoja huwapa wenzake wachache kuponi, nao huwaleta wengine, na hesabu hurekebishwa mwishoni. Mtafiti Heckathorn aliieleza mwaka 1997, nayo huwafikia waliojificha kweli. Lakini mnyororo wa kuponi ni ramani ya urafiki wa watu. Sheria ya jinai ya Kongo haitaji uhusiano wa jinsia moja kama kosa, ingawa kifungu cha kulinda haya ya umma kimewahi kutumika dhidi ya watu hawa. Burundi iliuharamisha mwaka 2009. Data ikishuka bonde la Ruzizi kwenda kwa mshirika wa Bujumbura, imebadili hatari yake njiani.

Mwenzangu mmoja, kabla hatujaingia humu, alinipinga: wizara haitatoa faranga bila kujua watu hawa ni wangapi. Anasema kweli, na sina jibu la kumridhisha. Ninachopendekeza ni kwamba hesabu isiwe ya kwanza. Mwaka wa kwanza tujaribu vituo vichache: sababu ya ugonjwa isiulizwe tena dirishani, chumba kiwe na mlango wa mbao, muuguzi afundishwe maswali manne ya historia ya ngono kwa kila mgonjwa, bila kumbagua mwenye mke wala mzee wa kanisa, kisha tulinganishe fishi za kabla na za baada, tuone ni malaria ngapi zimebadilika jina. Kazi hiyo haihitaji kuandika popote nani anampenda nani. Mwaka wa pili, wale watakaokuwa wamezoea mlango huo tuwaulize wao kama wanataka kuhesabiwa.