Simba Hai, Simba Mfu

Asanteni, kaeni. Na nyie mliosimama mlangoni njooni mbele, viti hivi havina wenyewe.

Tuanze na simba. Wahadzabe, wale wawindaji wa kandokando ya Ziwa Eyasi, humwita seseme. Mtafiti wa lugha akifika na orodha yake ya maneno 100 akauliza kwa Kiswahili, "Simba mnamwitaje?", ataandika seseme, atashukuru, atahamia kwenye neno linalofuata, jiwe. Kumbe simba huyohuyo akishauawa ni hubuwee! Punda milia aliye hai ni dongoko, akifa ni hantayii. Majina haya yako kama kumi na mawili, nayo husemwa mtu anapotangaza kwamba mnyama ameuawa au mzoga umeonekana. Haya, niambieni, swali gani la Kiswahili lingekupa hantayii ukiwa umeketi mezani? Sisi simba wetu ni simba tu, hai au mfu, hivyo hata wazo la kuuliza halitujii.

Ndiyo maana nawasumbua wanafunzi wangu: washeni kinasa sauti, mkae, mnyamaze. Watu wagawane nyama, wabishane, wawakaripie watoto wao. Orodha ipelekeni, siikatai. Isiwe ndiyo safari nzima.

Vidoko navyo, zile sauti za ulimi kama ile tunayomhimizia punda, kwao ni konsonanti kamili. Kwa sababu ya vidoko hivyo wengi walikiweka Kihadzabe kapu moja na Kisandawe, lugha nyingine ya Tanzania yenye vidoko. Undugu huo haujathibitishwa, wala undugu na lugha nyingine yoyote duniani.

Wasemaji wake ni kama 1,000. Msikimbilie kulia. Wingi si kipimo cha uhai wa lugha. Ulizeni watoto wanasema nini wakicheza. Kule Laikipia, Kenya, Wayaaku wa msitu wa Mukogodo walikuwa wafuga nyuki, na mahari yao ilikuwa mizinga. Walipochanganyika na Wamaasai, mahari ikawa ng'ombe, na katika karne iliyopita Kiyaaku kikaachwa, Kimaasai kikashika nafasi yake. Miaka ya 1970 mwanaisimu Mjerumani Bernd Heine alipokiandika, kilikuwa kimebaki kwa wazee wachache. Mtoto wa kucheza kwa Kiyaaku hakuwepo.

Watoto wa Kihadzabe bado wanakisema chao. Ila akianza darasa la kwanza, mtoto huyo hufundishwa kwa Kiswahili, lugha hii ninayowahutubia, na kitabuni atamkuta simba mmoja tu.