Namna ya Kushindana kwa Ngalawa Wakati wa Kusi Ukiwa na Mabaharia Wapya

Asalaam alaykum, watazamaji wapenzi. Hapa niliposimama ni pwani ya Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja, na mvumo mnaousikia kwenye kipaza sauti ni kusi ya mwezi wa Julai. Mimi ni mshona matanga, na mashindano ya ngalawa ndiyo furaha yangu kubwa baada ya sindano. Leo nimewachukua watu watatu ambao hawajawahi kushindana hata mara moja: mpwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi, na mpishi wa hoteli. Nimewachagua kwa makusudi, kwa sababu ngalawa nyingi zinazovunja matengo, yaani ile miti ya kando yenye mbao zinazoizuia isipinduke, katika upepo kama huu huvunja pale watu wawili wanapoishika kamba moja na kamba nyingine ikabaki haina mtu.

Kusimamisha mlingoti na kulifunga tanga kwenye foromali, ule mti mrefu unaolibeba tanga, sitaonyesha. Asiyejua na amwombe mvuvi yeyote wa kijijini kwake.

Tuanze na maji. Ndani ya mwamba huu bahari ikipwa hubaki mchanga na madimbwi, na katika siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti ya kupwa na kujaa hufika karibu mita nne. Siku hizo maji hujaa kama saa kumi alasiri, kwa hiyo sisi tunashuka saa tisa, tukiwa na muda wa kwenda hadi upande wa Paje na kurudi kabla mchanga haujaonekana. Angalieni pia vile vigingi kule mbele. Yale ni mashamba ya mwani ya kina mama, kilimo kilichoshika hapa Zanzibar tangu mwaka 1989, na kamba zake zikinaswa na usukani wako utakuwa umepoteza mbio na pia umemharibia mtu riziki yake. Zungukeni mbali, hata kama mwenzenu anakata katikati.

Sasa tanga. Katika kusi kali msijaribu kulifungafunga tanga kubwa ili lipungue. Bebeni tanga dogo tangu pwani. Hili nimelishona mwenyewe kwa pamba nzito, na ninawashonea wanaohitaji. Wazee walitumia merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19, nami bado naipenda pamba kuliko plastiki, kwani ukiimwagia maji ya bahari nyuzi huvimba, vitundu vikaziba na upepo haupenyi. Mpishi, limwagie. Ongeza, mpaka juu.

Kabla ya kutweka, kila mtu apewe kazi moja na aitamke kwa sauti. Mimi nashika usukani. Mwalimu anashika demani, yaani ile kamba ya kulivutia tanga nyuma. Mpwa wangu anakaa mbele kwenye ncha ya chini ya foromali. Mpishi, kwa kuwa ndiye mzito kuliko sote, anapanda kwenye tengo la upande unakotoka upepo, na anasogea nje au ndani kadiri nitakavyomwambia. Maneno yetu ni manne tu: vuta, legeza, panda, rudi. Mtu mgeni wa bahari akipigiwa kelele kwa sentensi ndefu hasikii chochote.

Demani msiifunge. Izungusheni mara moja tu kwenye mti wa tengo, kisha mkono uishike. Mkupuo wa upepo ukija, mkono unalegeza papo hapo, tanga linamwaga upepo, na ubao wa tengo la upande wa chini haupati nafasi ya kuzama. Ubao ule ukizama katika mwendo, ngalawa nzima huizunguka ncha yake, na hapo kamba za matengo hukatika.

Tumetweka. Mnaona mwendo huo! Kwenda Paje upepo uko nyuma yetu, hakuna la kueleza, ila jihadharini na vijana wanaoteleza kwa tiara, kwa sababu nyuzi zao ni ndefu na hazionekani vizuri kwenye jua.

Hapa ndipo ninapotaka mtulie mnisikilize, kwa sababu sasa tunageuka na kuanza kubisha, yaani kwenda mshazari kuelekea upepo unakotoka, kurudi Jambiani, na kila mara tunapobadili upande ni lazima tanga lihamishwe mbele ya mlingoti. Nageuza usukani mpaka upepo uwe nyuma. Mwalimu analegeza demani yote, tanga linapepea mbele kama bendera, na mpwa wangu anaivuta ncha ya foromali karibu na mlingoti mpaka foromali isimame wima. Kisha demani inapitishwa mbele ya foromali na kutoka upande wa pili. Msiiachie ncha ya demani. Mimi niliwahi kuiachia katika mashindano, kwa kudhani mwenzangu ameishika, ikapeperuka pamoja na tanga mbali na mikono yetu. Tulilazimika kulitua tanga zima huku tukisukumwa kwenye fungu la mchanga, na ngalawa sita zikatupita. Kwa hiyo nasema tena: anayeitoa demani haiachii mpaka anayeipokea atamke, “Ninayo.” Kutikisa kichwa hakutoshi.

Subirini. Simama, mwalimu, simama! Mwanangu, isogeze kamera huku ili waone. Demani imepita nyuma ya henza, ile kamba ya kutwekea, badala ya kupita mbele ya kila kitu. Mkiivuta ikiwa hivi, tanga litajikunja kwenye mlingoti na halitafunguka. Irudishe ilikotoka, taratibu, bila kuiachia ncha. Bila kuiachia! Vyema. Sasa mbele ya foromali, mbele ya henza, mpe mpishi.

“Ninayo.”

Alhamdulillahi. Vuta! Panda!

Samahani kwa matone ya maji kwenye kioo cha kamera. Katika kubisha, msing’ang’anie kuielekeza ngalawa karibu mno na upepo. Ngalawa haina mkuku mrefu chini yake, hivyo ukiibana inapoteza mwendo na kusukumwa kando. Iacheni ipumue kidogo, ishike kasi, na mtatangulia mbele ya anayebana. Mimi hulitazama tanga karibu na foromali: likianza kutetemeka, nimebana kupita kiasi. Maji yanayoingia ndani yafuliwe wakati wote kwa kopo, hata yakionekana machache, maana maji hukimbilia upande ulioinama na kuuzidishia uzito.

Tumebakiwa na mageuzo matatu kabla ya kufika pwani. Naizima sauti yangu sasa. Tazameni mkono wa mwalimu peke yake, kila demani inapopita mbele ya foromali.